Mama ameanza kusahau: je, wosia wake wa zamani unatosha?

Kitindamimba aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mama yetu ana umri wa miaka 78, na tangu mwaka jana amekuwa akisahau. Anaweza kuniuliza leo ni siku gani mara tatu katika saa moja, lakini nikimletea bahasha yenye hati za nyumba huzitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, na anakumbuka vizuri ni nani kati yetu aliyemkopa fedha na hajazirudisha.

Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa anasema wosia alioandika miaka 10 iliyopita unatosha, na kwamba kumpeleka kwa wakili sasa ni sawa na kumtabiria kifo. Dada anataka jina lake liongezwe kwenye akaunti ya mama ili alipe gharama za matibabu bila usumbufu. Mimi nahisi tunachelewa, ila sijui tunachelewa katika lipi. Je, daktari akishathibitisha ugonjwa wa kusahau, sahihi ya mama bado itakuwa na nguvu? Na huo wosia unatusaidia nini yeye akiwa hai?

Mwanasheria wa Mirathi alijibu:

Pole kwa kumuuguza mama, ndugu Kitindamimba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalozikwamisha familia nyingi: wosia haufanyi kazi yoyote mwenyewe akiwa hai. Aliyetajwa humo kuwa msimamizi hana mamlaka ya kutoa hata senti moja benki leo. Anayeweza kusimamia mambo ya mama wakati huu ni mtu aliyepewa hati ya uwakilishi, yaani hati ambayo mama mwenyewe, akiwa na akili timamu, anamteua mtu wa kutenda kwa niaba yake, na mamlaka hayo hukoma siku anapofariki.

Hapa kuna mtego. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, na hapo ndipo familia inapoihitaji zaidi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 kuruhusu hati inayoendelea kuwa hai baada ya hapo, na tangu Oktoba 2007 imekuwa ikitumia hati ya aina mpya ambayo haiwezi kutumika kabla ya kusajiliwa. Muulizeni wakili wenu kama sheria ya mahali mnapoishi inaitambua hati ya namna hiyo, na kama inaitambua, maneno ya kuifanya iendelee yaandikwe wazi.

Kuhusu sahihi: jina la ugonjwa pekee halimnyang'anyi mtu haki ya kuamua. Katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow ya mwaka 1870, aliyeandika wosia aliamini kwamba anaandamwa na mashetani na mtu aliyekwishakufa, lakini mahakama iliukubali wosia wake kwa kuwa imani hizo hazikugusa namna alivyogawa mali. Kinachotazamwa ni kama siku ile alielewa anachokifanya na matokeo yake, alijua kwa ujumla mali aliyo nayo, na aliwakumbuka watu wanaostahili kufikiriwa. Mama anayezitaja hati zake moja moja huenda akayamudu hayo yote, hata kama hajui leo ni Jumanne.

Mlezi wa Baba alijibu:

Tafadhali msisubiri. Baba alipopata kiharusi nilikuwa na hati yake mkononi, yenye sahihi na mihuri, na kwa wiki mbili benki iliipokea. Siku niliyoeleza kwa uaminifu kwamba hazungumzi tena wala hatutambui, karani aliisoma upya, akairudisha juu ya kaunta na kuniambia niende mahakamani. Tulikaa miezi saba tukitafuta amri ya kuteua msimamizi wa mali ya mtu aliye hai, huku fedha za baba zikiwa zimelala na sisi tukikopa ili tumuuguze.

Mwanasheria wa Mirathi aliongeza:

Suala la akaunti nalo lisichukuliwe kirahisi. Dada yako huenda ana nia safi kabisa, lakini mwenye akaunti ya pamoja huonekana mbele ya benki kuwa mmiliki, wadai wake wanaweza kuifikia, na mama akifariki swali la kwanza litakuwa kama salio ni la dada peke yake au ni la warithi wote. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Pecore ya mwaka 2007, ilianzia kwenye dhana kwamba mtoto mtu mzima aliyeongezwa bila kutoa malipo anazishika fedha hizo kwa ajili ya mirathi, mpaka athibitishe kwamba alipewa zawadi. Si kila nchi inafuata njia hiyo, na ugomvi wa namna hii huwatenga ndugu kwa miaka. Uwakilishi unatosha kulipia matibabu, na unaweza kuandikwa kwamba dada atatoa hesabu kwenu kila mwezi.

Mnapokwenda, chagueni saa ambayo mama huwa mchangamfu. Muacheni azungumze na wakili peke yake, watoto wote mkiwa nje, na siku hiyo hiyo daktari asiye na maslahi aandike alivyomkuta. Wosia wa zamani usomwe pia: huenda msimamizi aliyetajwa amefariki, au umemgawia mtu mali iliyokwishauzwa. Mama akiuandika upya, anayerithi asiwe shahidi.

Kitindamimba alijibu:

Asanteni sana. Nimemsomea kaka majibu haya kwa simu, naye amekubali twende. Jioni nilimweleza mama mwenyewe, akaomba bahasha yake, akaiweka chini ya mto, akasema atamkabidhi wakili kwa mkono wake. Tunakwenda Alhamisi asubuhi.