Kang'oa hema letu na mito ya watoto ikiwa ndani, kakaa pale pale, na HAKUINUKA

Mleta uzi

Wakuu, mtandao ndio umerudi sasa hivi. Tunateremka mlimani, nimekaa kiti cha nyuma na mabegi yaliyolowa mapajani, na sisubiri nifike nyumbani nipoe kwanza. Sitaki kupoa.

Yule mtu. Mnamjua. Kila ukoo unaye mmoja, na kwenye safari ya familia huja mikono mitupu, kabeba kiti chake cha kukunja tu. Yule ambaye akikuita "shemeji" kwa sauti laini, ujue kuna kitu chako kinaondoka. Huyo huyo. Jina silitaji, nusu ya ukoo imo humu.

Tuliwahi kufika ziwani. Hapakuwa na hema hata moja. Nikazunguka, nikapapasa ardhi, nikapata pahali palipoinuka chini ya misonobari, pakavu, pamelala sawa, mbali na maji, na jua la asubuhi lingetupata mapema. Nikaokota mawe kwa mkono, moja moja, hadi yale madogo yanayokuchoma mgongoni saa nane za usiku. Nikapigilia vigingi, nikakaza kamba, watoto wakatandika, kila mmoja na mto wake. Kisha tukashuka kuchota maji.

Kuchota maji tu, wakuu. Hatukuhama nchi!

Tunarudi na madumu, pahali petu pana kiti. Kwenye kiti yupo yeye. Miguu kaipandisha juu ya sanduku letu la chakula, soksi moja imevuka nusu. Hema halipo. Kilichopo ni mchirizi mpana kwenye majani makavu, unateremka, unateremka, hadi kwenye tope la ukingoni, na huko ndiko liliko hema letu, limelala ubavu. Kigingi kimoja kimepinda, kona ya sakafu imechanika, mito yote imerundikana upande mmoja. Aliliburuta vile vile na vitu ndani, hata zipu hakufungua kutazama kama kuna mtu!

Nikamtazama. Akanitazama. Akasema, "Shemeji, nimewasogeza kidogo. Nyie si mna hema dogo."

Na hakuinuka.

HAKUINUKA. Mtu kakubomolea pa kulala, watoto wako wamesimama na madumu wanamkodolea macho, na yeye hata goti hakulikunja. Alinyoosha kidole tu kule topeni, akasema kule mandhari ni nzuri zaidi. Kama ni nzuri mbona hakwenda yeye?

Na msiniambie pahali ni pahali. Jua likishazama nyuma ya mlima, hewa ya miteremko yote inapoa, inakuwa nzito, inateremka na kutuama pale pa chini kabisa. Pa chini kabisa ni ukingoni. Ukingoni wamelala wanangu. Pumzi zetu zikawa zinagusa kitambaa cha hema na kugeuka maji, na kabla ya alfajiri tulikuwa tunanyeshewa ndani, huku nje nyota zimejaa na hakuna wingu. Mifuko yetu ya kulalia ni ya manyoya ya bata. Manyoya hayo yakilowa yanashikana, joto linakwisha, umejifunika shuka la maji. Mwanangu wa mwisho anatetemeka ananiuliza, "Kwa nini hakuinuka?" Mtoto mdogo! Hata yeye hilo ndilo lililomkaa.

Asubuhi jua likampiga yeye wa kwanza, kwenye pahali nilipopaokotea mawe mimi. Akajinyoosha kitini, akauliza nani anachemsha maji.

Ushauri wa "kaeni muongee kama familia" muuweke. Nataka kujua jambo moja: mtu aliyekaa juu ya mashimo ya vigingi vyangu, na mwenye vigingi kasimama mbele yake, na asiinuke, huyo ni mtu wa namna gani?

Mzee wa Tochi

Duh. Miguu juu ya sanduku la chakula? Huyo ni wetu kabisa, labda ameoa kwenu pia. Huja bila tochi kila safari, giza likiingia anaanza kupita hema kwa hema, "nani ana tochi ya ziada?" Ya ziada! Halafu anakwenda nayo msalani na kuisahau huko, inawaka hadi asubuhi.

Kamba Tatu

Pole mkuu. Ila uzi mzima naona maneno yake tu. Aliposema "nimewasogeza kidogo" wewe ulijibu nini?

Mleta uzi

Niliweka madumu chini.

Kamba Tatu

Aliweka madumu chini 😂😂 Wakuu mmesikia? Mtu kahamishiwa hema hadi ziwani, akaweka madumu chini. Sasa ainuke kumwogopa nani?

Mleta uzi

Niliyaweka kwa NGUVU. Na watoto walikuwepo. Lililokuwa mdomoni mwangu ningelitoa wangelisimulia hadi kwenye harusi zao. Wewe usipindishe, aliyekosa ni aliyekaa.

Mwana wa Mlima

Tuweke utani pembeni. Sehemu nyingi za kupigia kambi milimani zinataka hema likae kama mita 60 kutoka kwenye maji. Ukingo ni laini, ukikanyagwa mimea yake inakufa na udongo unaanza kumomonyokea ziwani. Pia wanyama hushuka hapo usiku kunywa, na wewe umewazibia njia. Kwa hiyo huyo jamaa kavunja kanuni kwa kutumia hema lisilo lake. Mleta uzi, ungemwambia hivyo hapo hapo.

Kamba Tatu

Angemwambia vipi na madumu yale mkononi?

Soksi Kavu

Afadhali wenu anasogeza hema. Wetu anaoga ziwani na sabuni! Povu jeupe, pale pale tunapochota maji ya kunywa. Ukimwambia anakuonyesha chupa, eti imeandikwa sabuni inaoza yenyewe. Inaoza ardhini, baba! Unachota maji, unayabeba mbali na ziwa, unaoga huko na maji machafu unayamwaga kwenye udongo. Nilimweleza yote hayo huku povu linanifikia vifundoni, akaniomba nimpitishie taulo.

Mleta uzi

Alipoomba taulo alikuwa amesimama?

Soksi Kavu

Anaoga mkuu, atakaa vipi?

Mleta uzi

Basi wenu ana adabu. Wangu alikuwa amekaa.

Mzee wa Tochi

Sabuni, hema, hayo yote cha mtoto. Nyie hamjakutana na mwenye spika. Usiku hewa iliyogusana na maji inakuwa baridi kuliko ile ya juu yake, kwa hiyo sauti inayopanda inapindwa kurudi chini, inatambaa juu ya maji hadi ng'ambo. Mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wanamwambia pole. Sasa yeye kaweka spika juu ya jiwe, kaielekeza ziwani, kalala. KALALA. Alfajiri watu wa ng'ambo wamezunguka ziwa zima kwa miguu, macho mekundu, wanauliza nani mwenye spika. Akafungua zipu ya hema, akatoa mkono mmoja, akanionyesha mimi.

Bi Mkaza Kamba

Mnacheka, mimi sicheki. Wetu alimsukuma binamu yangu majini "azoee". Ziwa la theluji iliyoyeyuka! Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi na mwili ukaingia ghafla, unavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, na kichwa kikiwa chini ya maji muda huo unachovuta ni maji. Mwogeleaji hodari pia inampata. Binamu aliibuka hawezi hata kuita, anapapatika tu, tukamrushia kamba. Yule kasimama juu ya jiwe anacheka anasema "poa, anazoea". Nikamfokea mbele ya wakubwa wote. Mama mdogo akaniambia mimi ndiye niliyeharibu safari.

Soksi Kavu

Mama mdogo naye anahitaji uzi wake.

Kamba Tatu

Bi Mkaza angalau ulifoka. Kuna wenzako humu waliweka madumu chini.

Mleta uzi

Wakuu, pole kwa binamu, kweli kabisa, hilo ni baya. Lakini turudi kwenye uzi. Watoto WANATAZAMA. Mimi nimesimama. Yeye amekaa. "Nyie si mna hema dogo." Hakuna anayeliona hilo?

Jiko la Gesi

Samahani naingilia. Mmesema kuchemsha maji nikakumbuka. Nani anaweza kunieleza kwa nini maharage hayaivi kule juu? Nilikaa na sufuria mchana kutwa, mtungi wa gesi ukaisha, wifi akanisema mbele ya ukoo kwamba sijui kupika. Mimi! Nimelisha harusi mimi!

Mwana wa Mlima

Si kosa lako. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani ni nyuzi 100, ukifika mita 3,000 ni kama 90 tu. Yanatokota mbele ya macho yako lakini maharage hayajasikia kitu. Kuongeza moto hakusaidii, unamaliza gesi bure. Unahitaji sufuria ya presha.

Jiko la Gesi

NILIJUA! Nakipiga picha hiki nakituma kwenye kundi la familia sasa hivi.

Mzee wa Tochi

Ngoja, kama hayapati moto, basi maji ya kunywa tukiyachemsha wadudu hawafi?

Mwana wa Mlima

Wanakufa. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu.

Soksi Kavu

Tatu? Wetu huyatoa yakianza kutoa mvuke, anasema tunamalizia gesi. Kumbe lile tumbo la safari iliyopita ni yeye! Tulimsingizia mtoto eti kala matunda ya porini!

Bi Mkaza Kamba

Na sabuni yake nayo ilikuwa humo. Mlikunywa povu.

Mleta uzi

Kuna mtu bado yuko kwenye suala la hema?

Kamba Tatu

Mkuu subiri kidogo, hapa kuna maharage. Tumekusogeza tu.

Mleta uzi

Nimekuripoti.

Jiko la Gesi

Wameshaiona picha. Mjomba kasema kumbe nilionewa. Kaka anauliza sufuria ya presha ataibeba nani kupanda mlima wote ule. Wifi anaandika... anaandika... ameacha.

Wifi Mkubwa *(mwanachama mpya)*

Hukuyaloweka. Nilikuwepo.

Jiko la Gesi

Niliyaloweka usiku kucha! Nani kampa uzi huu?

Wifi Mkubwa

Uliyaweka kwenye maji asubuhi, sisi tunakunja mifuko ya kulalia. Na sufuria ilikuwa yangu, na hadi leo hujairudisha.