Mama yangu wa Heru Juu, Kasulu, anaulizwa "mlivuka mwaka gani?" Huyu mtu amezidi sasa!

Wadau, ndiyo kwanza tumetoka pale ofisini na bado natetemeka. Wana Kigoma mnamjua ninayemsema, yule wa meza ya maswali, asiyeitikia salamu. Sina haja ya kumtaja.

Nimempeleka mama kuomba kitambulisho cha taifa. Mtu mzima, masikio siku hizi yanamsumbua. Fomu imejazwa, barua ya mtendaji wa kijiji ina muhuri, kadi ya mpiga kura ipo, kiapo cha mahakama kipo maana enzi anazaliwa yeye nani alikuwa anaandika vyeti kule kijijini? Foleni ingenyooshwa ingefika Mwandiga. Tunafika mezani, huyu bwana hasemi hata shikamoo kwa mtu aliyemzidi mama yake umri, anauliza kwa sauti ya mnada: "Bibi, mlivuka mwaka gani?"

Mlivuka mwaka gani! Yaani mlivuka mpaka kutoka Burundi lini!

Mama hakusikia vizuri. Akamjibu kwa adabu zake zote: "Tumevuka asubuhi hii baba, gari zilikuwa nyingi, mwanangu akanishika mkono." Alidhani anaulizwa habari za barabara. Ofisi nzima ikaangua kicheko, hadi mlinzi wa getini. Aliyeuliza ndiye alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka. Na mama akatabasamu, akijua amewafurahisha watu.

Najua tuko mpakani na Burundi. Manyovu ni hapo tu, Warundi walikimbilia kwetu 1972 wakaja tena 2015, kambi za Nyarugusu na Nduta hatukuhadithiwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana, sawa, ulizeni maswali. Lakini uliza kitu! Angemuuliza habari za Mwami Theresa Ntare, chifu wetu wa Heru, angesimuliwa mpaka ofisi ifungwe. Angemuuliza operesheni vijiji ya miaka ya 1970, namna walivyohamishwa wakaanza kujenga upya. Serikali ilipotaka kumhamisha haikumuuliza alivuka lini. Leo anataka namba tu ndiyo anakuwa mgeni?

Halafu vidole. Vidole vilivyolima mihogo na kukamua mawese maisha yote, alama zimelika. Anakandamiza kwenye kioo, mashine inakataa. Anapangusa kwenye kitenge, anakandamiza tena, inakataa. Yule bwana anamwambia nenda kapumzishe vidole, urudi wiki ijayo. Mama avipumzishe vidole, nani atamlimia?

Tangu laini za simu zisizosajiliwa kwa vidole zizimwe Januari 2020 anatumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vyangu. Wajukuu wakimtumia hela linatokea jina langu. Ndicho alichokifuata pale, awe na laini yake. Akaambulia "mlivuka mwaka gani" mbele ya watu wazima wenzake. Mama wa Heru Juu! Mlivuka!

Dagaa Mkavu: Pole sana mkuu. Huyo jamaa namjua, mimi aliniuliza babu wa babu yangu kazikwa wapi. Nikamwambia twende nikakuonyeshe, akanuna.

Mtoto wa Gungu: Umeandika gazeti. Mama kaulizwa, kajibu, watu wamecheka, imeisha. Acha kulialia kama mtoto.

Mleta uzi: Mtoto wa Gungu, ngoja mama yako aulizwe alivuka lini mbele ya watu ndipo uje kuniambia imeisha.

Mtoto wa Gungu: Mama yangu angejibu mwaka. 😂😂

Mnyamwezi Halisi: Afadhali nyie mnaulizwa. Mimi nipo Tabora, namba nilipata zamani, kadi yenyewe hadi leo sijaiona. Nikienda, haijafika. Nikirudi, imefika lakini haionekani. Naishi na karatasi ya namba niliyochapisha steshenari, imechakaa hadi haisomeki.

Fundi Reli: Karatasi si kitu. Mimi wamekosea mwaka wa kuzaliwa. Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo ndizo tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kila ofisi nikitoa namba naonekana mdogo wa mdogo wangu. Benki wananitazama mvi, wanatazama namba, wanaitana.

Mtoto wa Gungu: Wewe umepunguziwa umri bure unalalamika?

Bi Mchikichi: Mleta uzi, vidole vya mama vipakwe mafuta usiku kwa siku kadhaa, kwa mama mkwe wangu vilisoma. Swali la kuvuka sina dawa yake.

Dagaa Mkavu: Kwani mama bado anakamua mawese? Dumu la lita 20 shilingi ngapi sasa hivi?

Bi Mchikichi: Muulize mleta uzi huyo huyo, usinunue mjini. Juzi nimenunua Kibirizi, nimeyabandika jikoni yakaanza kuruka sufuria nzima. Maji matupu! Wezi wakubwa.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa kitambulisho.

Fundi Reli: Mawese afadhali. Dagaa wanachanganywa na mchanga ili kilo iongezeke, hilo mbona hamsemi?

Dagaa Mkavu: Dagaa wa Kigoma hawana mchanga! Hao ulionunua ni wa Mwanza, usituchafulie ziwa letu.

Mnyamwezi Halisi: Wote mchanga tu. Njooni Tabora mle asali.

Bi Mchikichi: Asali yenyewe siku hizi mnaongezea sukari. Nyamaza.