Geji inasoma vizuri lakini kiyoyozi cha helikopta hakipozi: tuongeze gesi au tusiongeze?

Mwanagenzi wa Arusha

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanagenzi wa mwaka wa pili katika hanga dogo hapa Arusha, na ninafanya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni ambaye wiki hii yuko safarini. Tunayo helikopta ya injini moja ambayo marubani wanalalamika kwamba kiyoyozi chake kinapuliza hewa ya vuguvugu, hasa wanaposhuka upande wa Ziwa Natron ambako joto huwa kali. Jana asubuhi nilifunga geji wakati helikopta imelala usiku kucha bila kuwashwa na hanga likiwa na nyuzijoto 24, na geji zote mbili za presha zikasoma takriban psi 80 (psi ni kipimo cha presha). Fundi wa viyoyozi vya magari tunayemwita kwa magari ya kampuni alipoona usomaji huo alisema kwamba gesi ipo ya kutosha na huenda imepungua kidogo tu, akashauri tuwashe injini, tufungue mtungi, tuongeze gesi taratibu huku akiushika kwa mkono mpira wa kurudi, yaani bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa, mpaka auone umepata ubaridi.

Nilimwomba asubiri, kwa sababu kufanya kazi hiyo chini ya rota inayozunguka kulinitia hofu. Nina maswali mawili. Kwanza, je, psi 80 ni ushahidi kwamba gesi inatosha? Pili, nilipoijaribu pampu yetu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa yote ndani ya mfumo, mshale wa geji uligoma kwenye inchi 25 za zebaki, ilhali nimefundishwa kwamba vakyumu nzuri hufika inchi 29 na zaidi. Je, pampu imechoka?

Mhandisi wa Dar

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kumwomba asubiri, na ningependa nikueleze sababu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili linawapotosha hata mafundi wazoefu.

Psi 80 hazikuambii chochote kuhusu kiasi cha gesi. Ndani ya mfumo uliolala, sehemu ya R134a, ndiyo gesi ya kupozea ya kiyoyozi, iko katika hali ya kimiminika na sehemu iko katika hali ya mvuke, na maadamu kimiminika kimebaki hata kidogo, presha hufuata joto peke yake. Kwa nyuzijoto 24 presha halisi ya R134a ni takriban kilopaskali 646. Ukiondoa presha ya hewa ya Arusha ambayo ni kama kilopaskali 86, unabaki na 560, ambazo ndizo psi 81 ulizoziona. Ungepata usomaji huohuo mfumo ukiwa umejaa barabara, ukiwa nusu, au ukiwa umezidishwa. Geji hiyo imekupima joto la hanga, basi.

Gesi ya kiyoyozi hujazwa kwa uzito. Tafuta kibandiko kilicho karibu na kompresa au kondensa, kisha ulinganishe na kitabu, na hapa uwe mwangalifu sana: viyoyozi vingi vya helikopta viliongezwa baadaye na kampuni nyingine kwa idhini yake ya pekee, kwa hiyo maelekezo yake hayamo katika kitabu kikuu cha matengenezo cha helikopta, bali yamo katika kijitabu cha nyongeza cha mtengenezaji wa kiyoyozi. Humo utakuta uzito wa gesi, aina na kiasi cha mafuta ya kompresa, na presha ya kupimia uvujaji. Kijitabu hicho kisipopatikana, kazi isianze.

Kijitabu kikiwepo, na mhandisi wako akiwa amerudi, mnaivuta gesi yote iliyomo kwa mashine ya kurejeshea hadi kwenye mtungi wake maalumu uliowekwa juu ya mizani, na mtungi huo usipite asilimia 80 ya ujazo wake, kwa sababu kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi uliojaa pomoni unaweza kupasuka. Uzito utakaopatikana ndio jibu la swali lako la kwanza. Msiiachie gesi hewani hata kidogo. R134a haiharibu tabaka la ozoni kama ilivyokuwa R12, gesi ya zamani ya viyoyozi, lakini kilo moja yake hulipasha joto anga mara 1,430 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo sababu imo katika orodha ya gesi zinazopunguzwa kwa makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016.

Gesi ikiwa imepungua, kuna mahali imepitia. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kuahirisha kazi ileile. Jazeni naitrojeni kavu kupitia regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha, kwa presha iliyotajwa kitabuni na si zaidi, kwa sababu mtungi wa naitrojeni uliojaa unaweza kuwa na zaidi ya bar 150 na bila regyuleta utaupasua mfumo. Kamwe msitumie oksijeni, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha hulipuka. Wala msitumie hewa ya kompresa ya hanga: ina unyevu, na R134a iliyochanganyika na hewa nyingi chini ya presha inaweza kushika moto ingawa yenyewe haiwaki katika hali ya kawaida.

Sasa kuhusu rota. Mfumo ukishavutwa vakyumu ipasavyo, uzito wote au karibu wote unaweza kuingizwa kama kimiminika upande wa presha kubwa huku injini imezimwa kabisa, kwa kuugeuza mtungi juu chini na kutazama mizani. Mtiririko ukisimama kabla ya uzito kutimia, uwekeni mtungi ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 50. Usiupashe kwa moto. Baada ya hapo, pale kitabu kinaporuhusu, zungusheni kitovu cha kompresa kwa mkono mara kadhaa ili kimiminika kisije kikabanwa ndani yake siku ya kuwashwa, maana kimiminika hakibanani na vali za kompresa ndizo zitakazovunjika. Kwa njia hiyo hakuna mtu anayelazimika kusimama na mipira mirefu karibu na mkanda, bomba la moshi au rota ya mkia. Majaribio ya mwisho hufanywa mipira ikiwa imeshafunguliwa, vifuniko vimerudishwa, vifaa vyote vimehesabiwa, na kipimajoto kikiwa kwenye tundu la hewa ndani ya kabini.

Fundi wa viyoyozi, Mombasa

Ndugu yangu wa Arusha, mimi ni fundi wa viyoyozi vya magari na vyumba vya baridi, na sipendi mafundi wa magari walaumiwe kwa ujumla, kwa sababu wengi wetu tunajua kazi yetu. Hata hivyo, ninakubaliana na mhandisi kwamba kupima kwa kiganja hakufai katika chombo kinachoruka.

Ninaongeza jambo ambalo ninaliona kila juma madukani. Kuna mitungi inayouzwa kwa bei nafuu kama mbadala wa R134a, nayo ndani yake ina propani na butani, yaani jamii ya gesi tunayopikia. Inapoza, na ndiyo maana inapendwa, lakini evaporeta ya helikopta, yaani sehemu inayopoza hewa, imo ndani ya kabini walimo abiria, na uvujaji mdogo wa gesi inayowaka mahali hapo penye swichi na nyaya ni hatari isiyo na kisingizio. Kabla ya kurejesha gesi, ipime kwa kifaa cha kutambua aina, kwa sababu huwezi kujua aliyekutangulia alijaza nini. Ukikuta mchanganyiko, iwekee mtungi wake peke yake. Epuka pia zile dawa za kuziba matundu zinazouzwa ndani ya makopo, kwa kuwa zikikutana na unyevu huganda na kuziba vali ya upanuzi.

Vaa miwani inayofunika macho pande zote pamoja na glavu. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na miaka kadhaa iliyopita nilifungua mpira ambao niliudhani mtupu, nikaunguzwa vidole viwili kwa baridi hiyo. Ngozi ilichukua majuma kupona, na lingekuwa jicho lisingepona. Milango ya hanga iwe wazi, kwa sababu gesi hii ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko hewa, hutulia chini na kufukuza hewa ya kupumua, na ikikutana na moto au chuma kilichoiva huzalisha haidrojeni floraidi ambayo ni sumu kali.

Mhandisi wa Dar

Nilikuwa sijajibu swali la pampu. Pampu yako huenda haina tatizo lolote. Inchi 29.9 ni kipimo cha usawa wa bahari, kama hapa kwetu. Uwanja wa Arusha uko takriban mita 1,390 juu ya bahari, na hewa yote iliyopo huko ina presha ya kama inchi 25.3 za zebaki tu, kwa hiyo hakuna pampu duniani itakayoufikisha mshale wako kwenye 29. Wenzetu wa uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, walio juu zaidi, huishia takriban 24.4.

Tatizo liko kwenye geji ya mshale. Tofauti kati ya 25.0 na 25.3 huioni kwa macho, lakini ni mikroni zaidi ya 7,000 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita ya zebaki), na ndani ya nafasi hiyo unyevu mwingi unaweza kujificha. Azimeni kipimo cha mikroni. Pale kitabu kisipotaja kiwango, mafundi wengi hulenga mikroni 500. Mkifika hapo, fungeni vali ya pampu na mtazame: kipimo kikipanda bila kusimama, pana tundu, kikipanda kisha kikatulia, bado mna maji yanayochemka ndani, endeleeni kuvuta. Mafuta ya kompresa ya aina ya PAG hunyonya unyevu upesi sana, kwa hiyo chupa isikae wazi, na kichujio cha unyevu kibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa.

Rubani wa helikopta

Ninashukuru kwa maelezo haya. Kwa upande wa rubani, ninaomba jambo moja lipimwe kabla ya kuturudishia chombo. Kompresa hula nguvu ya injini, na katika viwanja vya juu wakati wa joto nguvu hiyo ndiyo tunayoihitaji kupaa. Baadhi ya mifumo ina swichi inayokata klachi ya kompresa rubani anapohitaji nguvu nyingi, na nyongeza ya kitabu cha rubani hueleza ni lini kiyoyozi kizimwe. Hakikisheni klachi inashika na kuachia kama inavyotakiwa.

Mwanagenzi wa Arusha

Nimerudi na majibu baada ya siku sita. Mhandisi wangu alirejea, tukakipata kijitabu cha nyongeza, na gesi tuliyoirejesha ilikuwa gramu 430, ilhali kibandiko na kijitabu vyote vinataka gramu 900. Yaani ilibaki chini ya nusu, na geji ilikuwa bado inasoma psi 80. Kifaa cha kutambua aina kilionyesha R134a safi.

Kwa naitrojeni na povu la sabuni tulikuta mpira wa presha kubwa umesuguliwa na kishikio kilicholegea kwa mtikisiko. Tumebadilisha mpira, oringi zake na kichujio, tukavuta vakyumu hadi mikroni 480 na ikatulia, kisha tukajaza gramu 900 injini ikiwa imezimwa. Klachi imejaribiwa. Mhandisi ameandika kazi yote katika kumbukumbu za chombo pamoja na uzito uliotoka na uzito ulioingia, na ametia saini yake.

Mhandisi wa Dar

Hongera, mwanangu. Baada ya saa chache za kuruka fungueni mlango mkitazame tena kile kishikio, na mkague vishikio vingine vyote vilivyo kwenye mpira huohuo, kwa sababu mtikisiko uliokilegeza kimoja umevipitia vyote.