Unimog ya zamani ya jeshi inakata nguvu mlimani na resi inachelewa kushuka, naanzia wapi?

Dereva_Sakina
Habari zenu wakuu. Nina Unimog U1300L, zile zilizokuwa za jeshi la Ujerumani, injini OM352 silinda sita, haina tabo (ya kusukumia hewa kwenye injini). Inabeba vifaa vya kambi, ruti yake Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro. Nina shida mbili na sijui kama ni ugonjwa mmoja. Ya kwanza, kuanzia Kisongo mpaka Makuyuni inatembea vizuri tu, ila ukishauanza ule mlima wa Mto wa Mbu nguvu inaisha taratibu kama kuna mtu anafunga koki, ukipaki pembeni ukaiacha kidogo inarudi, unatembea tena, halafu mbele kidogo inarudia vilevile. Asubuhi nayo napiga stata weee mpaka nipampu kwa mkono ndo iwake. Ya pili, pedali ya mafuta imekuwa ngumu na ukiachia resi inachelewa kushuka, kwenye mteremko inanipa hofu kwa kweli maana nashuka na mzigo na vijana nyuma. Filta za dizeli mpya zote. Fundi mmoja kasema pampu kubwa ya dizeli, inayopeleka mafuta kwenye nozeli, imekufa ishushwe, na bei aliyotaja unapata pikipiki. Wanaozijua hizi gari naomba mawazo kabla sijakubali.

Fundi_UngaLtd
Mkuu usishushe pampu bado. Nijibu hili kwanza, ikikata pale mlimani bomba linatoa moshi gani?

Dereva_Sakina
Hakuna moshi kabisa mkuu, bomba safi.

Fundi_UngaLtd
Basi kazi imepungua. Moshi mweusi maana yake mafuta yapo ila hewa haitoshi au nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) hazipulizi vizuri, na hata injini nzima isiyo na tabo ukiifikisha huko juu zaidi ya mita 2,000 itatoa mweusi kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Nguvu ikiisha na bomba safi, mafuta hayafiki. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo kwa hiyo hata njia iliyoziba nusu inatosha, ukikanyaga hadi mwisho kwa muda mrefu mlimani inadai mengi na hayaji. Na pampu iliyolika elementi, yaani vile vipistoni vyake vya ndani, haiponi kwa kupumzishwa pembeni ya barabara, hiyo itakusumbua kila mahali, hasa kuwasha injini ikiwa ya moto.

Fanya hivi. Tafuta dumu safi la lita 20, jaza dizeli ya sheli unayoiamini, lifunge imara nje ya kebini juu kuliko injini na mbali na ekzosi. Chomoa lile bomba linalotoka kwenye tenki pale linapoingia kwenye pampu ya mkono (ile unayopampia asubuhi), weka hozi ya kutoka kwenye dumu, na ritani, bomba la kurudisha mafuta yaliyobaki, nayo irudishie kwenye dumu hilohilo. Hapo umeliondoa tenki na bomba lake lote kwenye hesabu. Panda nayo mlima. Isipokata, pampu yako haina kosa na usimpe mtu hela ya pampu.

Mzee_wa_Pasua
Kijana pole. Mimi niko Moshi, nimeendesha Benz 1113 miaka mingi na injini ni hiyohiyo OM352, vifaa vyake vipo usihangaike sana. Mwenzangu kakueleza vizuri ya mafuta, mimi naongelea resi maana hiyo ndiyo inayoua watu, na ningekuwa wewe gari isingeteremka Mto wa Mbu mpaka hilo liishe. Sikiliza, kwenye dizeli kama hii pedali haifungui hewa kama gari ya petroli, inavuta mkono wa gavana kwenye pampu, na gavana ndiyo inaamua mafuta kiasi gani yaende. Sasa zima injini, itoe ile rodi ya pedali pale inaposhika mkono wa pampu, halafu usukume ule mkono kwa kidole. Ukienda mwepesi na kurudi wenyewe mpaka mwisho, ugonjwa uko huku kwenye marodi, bushi na springi. Ukigoma rodi ikiwa imetolewa, hapo ni ndani ya gavana na hiyo kazi ni ya fundi pampu kweli. Halafu mwenzako akanyage pedali mpaka chini wewe uko kwenye injini unaangalia, mkono uguse bolti yake ya mwisho. Usipogusa unapanda mlima na mafuta nusu. Ile bolti yenyewe imefungwa sili, usiiguse. Angalia pia mkono wa kuzimia injini kama unarudi wote, ukibaki nusu gari inakuwa goigoi na hutajua kwa nini.

Dereva_Sakina
Shikamoo mzee, asante sana, na wewe fundi pia. Nimerudi na majibu. Kwa dumu imepanda mpaka juu kabisa haijakata hata mara moja, na asubuhi yake iliwaka stata ya kwanza. Kwenye resi mkono wa pampu ni mwepesi kabisa, ila ile shafti ya kati inayopokea rodi ya pedali imejaa grisi iliyochanganyika na vumbi mpaka imekuwa ngumu kama lami, na springi ya kurudisha imelegea, ukiivuta hairudi vizuri.

Mzee_wa_Pasua
Marahaba. Ndiyo yenyewe hiyo. Ifungue shafti, osha na dizeli, bushi ukiona zimelika weka mpya, halafu paka oili nyepesi tu usirudishie grisi maana vumbi letu hili linaigandia. Springi nunua mpya, usikate kipande cha ile ya zamani ukaivuta, na kama kuna nafasi weka mbili, moja ikikatika nyingine inarudisha resi. Na umfundishe kila anayeendesha namna ya kuzima injini kwa mkono pale kwenye pampu.

Fundi_UngaLtd
Safi sana. Kwa hiyo pampu ya mkono na kile kikombe chake cha chujio navyo havijaziba, maana dumu lilipitia hapo. Tatizo liko kati ya hapo na tenki. Kumbuka upande huo mafuta yanavutwa, hayasukumwi, ndo maana tundu dogo halidondoshi tone nje ila linaingiza upepo, na usiku mafuta yanarudi tenki, asubuhi unapampu. Mipira yote ya miaka hiyo itoe tu hata kama kwa macho ni mizima, ikunje uone nyufa. Dizeli ya sasa ya salfa kidogo, 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) tangu 2015 Afrika Mashariki, nayo inaweza kufanya sili za zamani zianze kuvuja. Zile washa (ringi) za kopa kwenye bolti za mabomba weka mpya. Halafu toa lile bomba la kunyonyea la ndani ya tenki uangalie chujio lake.

Dereva_Sakina
Chujio la tenki nimelitoa leo, lina utelezi mweusi kama makamasi, nusu nzima imefunikwa. Na mpira mmoja juu ya tenki umepasuka chini ya klipu.

Fundi_UngaLtd
Huo utelezi ni vijidudu, vinaota pale maji yanapokutana na dizeli chini ya tenki, kwa hiyo kusafisha chujio peke yake ni bure, mwaga tenki lote, lioshe, na uwe unafungua bolti ya chini mara kwa mara kutoa maji. Tundu la kupumulia tenki lipulize pia. Ukishafunga kila kitu toa upepo kuanzia filta, legeza skrubu ya juu, pampu kwa mkono mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kaza huku yanatoka, halafu uhamie skrubu ya kwenye pampu kubwa ufanye hivyohivyo. Filta hizo mpya badilisha tena baada ya wiki chache, uchafu uliolegea utakuwa umeshafika huko.