Toyota IST inachemsha mlima Kitonga: je, kuondoa themostati ni tiba?

Msafiri wa Tegeta:

Habari zenu, wakuu. Ninamiliki Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5, ambayo niliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika hapa nchini. Mjini Dar es Salaam, hata kwenye foleni ya jioni huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa, gari halina tatizo lolote. Taabu huanza ninaposafiri kwenda Iringa: nikishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, joto hupanda mpaka nalazimika kuegesha pembeni. Likishapoa, safari huendelea kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wangu anataka kuondoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenye rejeta, akisema kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi na huku kwetu kinazuia maji bila sababu. Rejeta huwa naiongezea maji ya kisima cha nyumbani kila yanapopungua. Naomba ushauri kabla sijamruhusu.

Fundi Mabibo:

Ndugu, usimruhusu bado. Mwulize kwanza kwa nini gari linachemsha mlimani na si kwenye foleni. Gari linalochemsha likiwa limesimama, kisha likapoa likianza kutembea, kwa kawaida lina hitilafu ya feni, kwa kuwa upepo wa mwendo ndio unaoifanya kazi iliyoishinda feni. La kwako ni kinyume chake: feni inatosha mjini, lakini injini inapobeba mzigo mzito kwa muda mrefu, rejeta inashindwa kulitoa joto kwa kasi inayotakiwa.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni rejeta yenyewe. Kwa nje, vumbi na wadudu hujazana kati ya kondensa (rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele) na rejeta, mahali ambapo mtu akichungulia kwa mbele haoni kitu. Vitenganishwe, vioshwe kwa maji ya kawaida, si kwa mashine ya shinikizo inayolaza mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta. Kwa ndani, maji ya kisima, hasa haya ya Dar es Salaam ambayo mengi yana chumvi, huacha magaga kama yale ya ndani ya birika, na magaga hayo huzuia joto kutoka kwenye maji kwenda kwenye chuma. Maelezo yako kwamba unaongeza maji kila mara yananitia wasiwasi zaidi kuliko mlima wenyewe, kwa sababu mfumo wa kupoza injini umefungwa na haupaswi kupungukiwa. Lazima kuna mahali yanapotokea.

Pili, angalia mfuniko wa rejeta. Watu wengi huuona kama kifuniko tu, kumbe ndio unaoshikilia shinikizo. Mfumo ukishika takriban bar 1 juu ya shinikizo la hewa, maji ambayo yangechemka kwenye nyuzi 100 hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, kinga hiyo yote imepotea, na mfuniko mpya ni kitu cha bei ndogo.

Themostati naiweka ya tatu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, uyapashe taratibu: ya injini yako inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Isipofunguka vizuri, nunua mpya. Ukiiondoa kabisa, injini itachelewa kupata joto, kompyuta itaendelea kumwaga petroli nyingi kama ya asubuhi, na unyevunyevu utabaki kwenye oili badala ya kukauka. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati ina kizibo cha pili kinachofunga njia ya mkato. Kikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari laweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Dereva Mstaafu:

Kwa heshima zote kwa fundi, naona wenye magari wanatishwa ili wanunue madebe ya kulanti, zile dawa za rangi za kutia kwenye rejeta badala ya maji. Tumeendesha Land Rover kati ya Singida na Nzega, tukaupanda mlima Sekenke kwenye vumbi tukiwa na maji ya mtoni ndani ya rejeta, na magari yale yalidumu. Dereva akijua kubadilisha gia mapema na kutoikanyaga gari kwenye mwinuko, haya yote hayatokei.

Mama Probox:

Shikamoo mzee wetu. Kuhusu gia ninakubaliana nawe kabisa, na hata gari la otomatiki lina nafasi za gia za chini ambazo madereva wengi hawazitumii kamwe. Tofauti iko kwenye chuma. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ya wakati ule ilikuwa na bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi (kichwa kinachoifunika) za chuma cha kutupwa, ilhali 1NZ-FE ina bloku na hedi za aluminiamu, ambayo huliwa upesi na maji ya chumvi na hupinda upesi ikizidiwa na joto. Kulanti si ya kuzuia barafu peke yake. Ina viambato vinavyozuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Mleta mada azingatie kwamba rangi si kipimo cha aina, kwani kila kampuni huchagua rangi yake. Kwa Toyota, ile ya waridi huuzwa ikiwa imeshachanganywa tayari. Gari ambalo historia yake haijulikani ni bora lisafishwe mfumo mzima na kujazwa upya.

Msafiri wa Tegeta:

Nawashukuru sana. Je, nitajuaje kama gaskit ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, imeshaungua kutokana na kuchemsha huku?

Fundi Mabibo:

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari na utazame: mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni bomba la juu la rejeta kuwa gumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, na moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili usikuogopeshe peke yake, maana gari la safari fupi fupi huupata kwa unyevunyevu tu. Ila oili yote kwenye kijiti cha kupimia ikiwa hivyo, usiwashe tena. Hedi ikifunguliwa, sharti ipimwe unyoofu kabla ya kufungwa gaskit mpya, la sivyo utarudi gereji.

Mpaka hapo, ukiona joto linapanda mlimani, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho hata kama mtaungua miguu, kisha utafute mahali salama pa kuegesha. Usifungue mfuniko wala kuimwagia injini maji baridi. Na usiitegemee geji pekee: maji yakishatoka yote, kihisi hubaki hewani na chaweza kusoma joto la chini wakati hedi inaungua.

Anza na kupimwa mfumo kwa pampu ya shinikizo ili mahali panapovuja pajulikane, halafu rejeta ishushwe. Kulanti mpya ije mwisho, usije ukaimwaga mara mbili.