Kibali cha kukusanya mbegu za mti adimu: "mbinu na kiasi" ijazwe vipi?

Mchemiche: Habari wakuu. Kikundi chetu kinaomba kibali cha kukusanya mbegu za mti wa asili ulio hatarini kutoweka, miche irudishwe msitu uleule. Maombi yamerudishwa kwa sababu kwenye "mbinu na kiasi" tumeandika tu "mbegu za kutosha miche 500". Wanataka nini hasa? Na kibali cha mbegu kinaruhusu vipandikizi?

Mzizimkuu: Idadi ya miche haimwonyeshi afisa msitu utapungukiwa na nini. Andika kwamba hamtazidi asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Ndicho kikomo kinachofuatwa sana na hifadhi za mbegu. Taja na idadi ya miti mama, yaani miti mtakayochuma mbegu. Lengo zuri ni 50 au zaidi, iliyotawanyika. Mkichuma kwenye miti miwili mitatu mtapata miche ya ukoo mmoja, na ikija kuchavushana yenyewe kwa yenyewe uzao hudhoofika. Miti ikiwa 12 tu, andikeni 12, mchume kidogo kwa kila mmoja na kila mti uwe na mfuko wake.

Jina la kisayansi ni lazima, maana jina la kienyeji huweza kubeba spishi kadhaa. Chukueni pia tawi moja lenye majani na maua au matunda, likaushwe kwa ajili ya hebaria (hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa), lakini liombeeni ruhusa humohumo kwenye fomu. Vipandikizi hapana, mpaka vitajwe kwenye kibali. Mwenye ardhi naye ana idhini yake. Kibali cha serikali hakiifuti.

Kokwa: Naongezea la tarehe, maana hapo wengi hukwama. Kibali kikianza mapema kitaisha matunda yakiwa mabichi, na mbegu changa hazioti vizuri wala hazidumu ghalani. Ombeni muda unaofunika msimu wote wa kuiva. Kabla ya kuchuma, kateni mbegu kama 10: kiini kiwe kimejaa na kigumu. Nyingi zikiwa tupu au zimeliwa na wadudu, acheni mti huo. Bebeni kwa mifuko ya kitambaa au karatasi, kwa sababu kwenye plastiki unyevu hunaswa na ukungu huingia.

Mchemiche: Asanteni sana. Mbegu zenyewe ni kubwa, zina majimaji. Tuzikaushe?

Kokwa: Msizikaushe kabla ya kuijua tabia yake. Mbegu nyingi za aina hiyo hufa zikikauka, kama za kakao na embe. Zipandeni mapema, na kwenye fomu andikeni "hazitahifadhiwa, zitapandwa moja kwa moja".

Mzizimkuu: Zikivuka mpaka wa nchi, hilo ni ombi lingine. Mnahitaji cheti cha afya ya mimea, na spishi ikiwa kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini), huenda pia kibali cha kusafirisha nje. Muda wa kibali hicho hauzidi miezi 6, kwa hiyo kiombeni mbegu zikiwa karibu kuwa tayari.