Wana wa Kikwajuni 🌴

*Jumatano, 12 Novemba*

Salma 19:02
Assalam alaykum jamaa. Shikamoo Ami, shikamoo Mama. Nasema mara ya tatu na ya mwisho, habari ya Spain. Kempa, gari la kulala ndani, nshaipata: vitanda sita, jiko, hita, choo ndani. Tunaondoka 9 Januari, tunarudi 10 Februari kabla Ramadhani haijaingia. Mwenyewe anataka amana pauni 300, mwisho Ijumaa saa mbili usiku.

Salma 19:05
Meli Portsmouth mpaka Santander, halafu tunateremka kusini pole pole mpaka Almeria, kama kilomita 1,000. Kambi za huko ukikaa mwezi mzima wanakupunguzia. Januari mchana nyuzi 17 hivi. Miguu ya Mama ipate kupumua.

Salma 19:40
Naona saba mmeshasoma.

Salma 19:41
Saba!

Mudi 19:58
Ina luninga?

Salma 19:58
Mudi.

Mudi 20:01
Basi swali zito. Choo cha ndani, vinakwenda wapi vitu?

Salma 20:03
Kina kaseti. Unaichomoa kwa nje, unaipeleka pale kambini penye shimo lake, unamwaga, unasuuza, unatia dawa, unairudisha. Kila siku mbili tatu.

Mudi 20:03
Kaseti 😂😂😂 Upande A au upande B?

Khamis Unguja 20:05
Upande A Mudi, upande B Hemedi. Tepu ikikwama zungusheni kwa kalamu ya Biki

Mudi 20:05
😂😂 wallahi mie sishiki remoti ya hiyo redio

Khamis Unguja 20:06
Na nyie mna mambo. Pwani mmeiacha huku, kaskazi inavuma, mnaifuata kwa Wazungu na nyumba mgongoni kama konokono

Salma 20:09
Tiketi za Unguja watu sita utalipa wewe? Haya, tuendelee. LESENI. Hii kempa uzito wake kilo 3,850. Aliyefaulu mtihani tangu 1 Januari 1997 mwisho wake kilo 3,500. Mimi nimefaulu 2004, Hemedi 2009, Mudi tusimtaje. Mwenye leseni ya zamani ni Ami peke yake. @Ami Nassor tunakutegemea baba 🙏🏾

Mama 20:31
Ntakaanga sambusa za nyama mia mbili, tutie kwenye friza ya gari

Salma 20:33
Mama, tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya nyama na maziwa haviingii. Watakunyang'anya bandarini watupe.

Mama 20:36
Watupe sambusa

Salma 20:37
Nazi ruhusa, tende ruhusa. Nyama tutanunua huko huko, Almeria Wamoroko wamejaa, halali ipo. Jina lenyewe la Kiarabu, al-Mariyya. Hata nyanya tunazonunua hapa Leicester wakati wa baridi nyingine zinatoka huko.

Mudi 20:38
Sambusa za tende basi

Mama 20:44
Hiyo si sambusa

*Alhamisi, 13 Novemba*

Mahfoudh Maskati 05:12
Ndo naamka. Huku Januari nyuzi 25, magodoro yapo, kaseti hamna. Karibuni

Salma 07:30
Asante Mahfoudh. Mama, habari ya viza. Sisi wengine pasipoti za hapa, siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza zinatutosha, watapiga picha na alama za vidole tu. Wewe na pasipoti yako ya Tanzania unahitaji viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya. Yuro 90, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, karatasi za benki, na miadi. Miadi ndiyo tabu, inakwisha kama tikiti za mpira.

Mama 08:15
Ungetaka nichukue ya hapa, na kule uraia wa nchi mbili hawautaki. Niikane Unguja nikaoge Spain?

Salma 08:16
Sijasema hivyo Mama.

Mama 08:20
Na hiyo bahari ya huko wanasema ina mawimbi

Salma 08:22
Ghuba ya Biscay, ndiyo, Januari inachafuka.

Mama 08:25
Mie nimepita mkondo wa Nungwi kwa jahazi nina mimba yako. Bahari sizungumzii. Nazungumzia viza

Hemedi 12:47
Salma tafuta gari ndogo zaidi.

Salma 12:49
Kwa nini?

Hemedi 12:52
Tafuta tu. Chini ya 3,500 sote tunaweza kuendesha.

Salma 12:53
Chini ya 3,500 ukishatia maji, gesi na watu sita, umezidisha uzito. Wakikusimamisha na kukupima, faini. Ami ataendesha, sisi tukamate ramani.

Hemedi 12:55
Nakwambia tafuta ndogo.

Salma 12:58
Hemedi, wewe hasa ndiye usiyekuwa na sauti kwenye uchaguzi wa magari. Safari ile ya Skegness, nani aliyepita chini ya kile chuma cha maegesho cha kuzuia magari marefu?

Mudi 12:59
Uwiii tumefika Skegness

Hemedi 13:01
Nani aliyekuwa kando yangu akisema "pita, panatosha"?

Salma 13:02
Nilisema panatosha kwa UPANA. Paa la gari liling'oka, tukadaiwa pauni 1,080. Watu sita, 180 kila mmoja. Watano wamelipa. Mpaka Rukia aliyekuwa likizo ya uzazi alilipa.

Hemedi 13:04
*Ujumbe huu umefutwa*

Salma 13:04
Nimeuona.

Hemedi 13:05
Nina sababu ya kusema gari ndogo. Basi.

Salma 13:06
Sababu yako naijua, ina tarakimu tatu.

Mudi 13:10
Anayetaka maandazi ya Ijumaa aandike hapa

Khamis Unguja 13:11
Mie mawili

Mudi 13:11
Uko Unguja Khamis

Khamis Unguja 13:12
Yatie kwenye kaseti

Salma 21:15
@Ami Nassor shikamoo tena. Ukinipa ndiyo tu, nalipa amana kesho.

*Ijumaa, 14 Novemba*

Ami Nassor 14:21
Waalaykum salaam wanangu. Marahaba. Nimesoma yote tangu juzi. Leseni yangu ya magari makubwa iliondoka mwaka jana nilipotimiza miaka 70. Ili uirudishe daktari akujazie fomu na macho yapimwe. Macho nilipima. Fomu sikuipeleka. Nimebaki na ya gari ndogo, na hiyo nayo usiku siendeshi. Hemedi anajua kwa sababu yeye ndiye anayenipitia kila Ijumaa kunipeleka msikitini, na mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nimewapakia nyote, harusi na misiba, tangu mna meno ya kitoto. Niliona haya. Hemedi asigombwe kwa jambo langu.

Rukia 16:52
Salaam, mie nimetoka zamu ya usiku nimelala kama gogo. Kwa ufupi hatuji, watoto wana shule, ukiwatorosha faini pauni 80 kila mzazi kwa kila mtoto na hapo ukiwahi kulipa. Lakini mkipita Granada nileteeni kitu

Rukia 16:54
Ndo nasoma juu. Ami 😔

Mama 17:10
Nassor umekula?

Ami Nassor 17:18
Nimekula wali na mchuzi wa papa. Hemedi kaleta.

Salma 17:40
Ami nisamehe. Sikujua.

Ami Nassor 17:41
Hukuambiwa.

Salma 18:05
Hemedi.

Hemedi 18:06
Hamna neno.

Mudi 18:20
Maandazi yapo lakini

Salma 19:12
Nimempigia mwenye kempa. Ana nyingine, kilo 3,500, vitanda vinne. Amana ile ile, mpaka saa mbili. Rukia haji. Mama kitanda kimoja, mimi kimoja, Hemedi nyuma ya usukani kimoja. Kimebaki kimoja. Ami, njoo ukae mbele tu utuoneshe njia.

Mudi 19:13
Na mimi?

Salma 19:14
Juzi ulikataa kushika remoti.

Ami Nassor 19:30
Nimpe Mudi nafasi yangu. Mimi baridi nimeizoea.

Mama 19:33
Nassor nawe usijifanye mkubwa. Watu wote tunakwenda kwa ajili ya magoti yangu, yako ya chuma?

Salma 19:51
Dakika tisa jamani. Ndiyo au hapana. Mama, viza tunaomba?

Mama 19:55
Pasipoti ipo kwenye mkoba wa marehemu baba yako, juu ya kabati. Sijaufungua. Njoo Jumapili uuteremshe

Salma 19:57
Nakuja.

Salma 19:59
Nimelipa 300. Zangu. Amesema akipata mtu mwingine kabla ya Jumatatu ananirudishia, kwa hiyo bado tunaweza kubadilisha.

Hemedi 20:03
Jumapili nimlete Ami?

Salma 20:20
Mlete. Ule mkoba mimi peke yangu siuwezi.

Salma 20:21
Na zile 180 uje nazo.

Hemedi 20:22
Ntakuja na 100.

Mahfoudh Maskati 20:40
Kaseti mmeshaamua ya nani?